Mashine Isiyo na Keria

Jumatatu, 7 Juni 1999

Imefika! Umesh, bosi wangu, kaishusha mwenyewe kwenye pikapu, kaivingirisha shuka kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Ni kompyuta ya zamani ya ofisi yake ya Mwanza. Kule wamenunua mpya, hii imegeuka rangi ya meno ya mvuta sigara. Lakini ilipowaka! Mwanangu Shaku kaacha ziwa, kageuza shingo nzima. Sikumlaumu. Na mimi nilikuwa nimeacha kupumua.

Imekuja na kisanduku cheusi chenye vitaa nane usoni. Modemu. Ndicho kinachoongea na simu. Umesh kavuta waya kutoka simu ya duka la mama yake, kautolea kwenye tundu la ukutani, kauvusha ua, kaupitisha dirishani kwangu mpaka mezani. Mama Umesh kasimama mlangoni na sari yake ya bluu, anamgombeza mwanawe kwa kumtobolea ukuta. Kwa Kisukuma! Mama huyu akikasirika haongei Kigujarati. Kazaliwa hapa hapa Shinyanga, Kisukuma chake kinanipita mimi mtoto wa Ujiji.

Naandika masharti nisije nikasahau, ingawa nitasahau vipi. Kambi ya dhahabu kule Geita, ambayo Umesh anaipelekea vyakula, haitaki tena orodha za karatasi. Kuanzia Jumapili tarehe 20 orodha inakuja kwa imeli — barua inayopita ndani ya waya wa simu, ikitunzwa kwenye mashine ya kampuni moja Mwanza — na malori yanaondoka Jumatatu. Nikiweza kuipokea hapa, kazi yangu ya karani inabaki hapa, kwenye meza hii, Shaku miguuni pangu. Nisipoweza, kazi inahamia Mwanza. Naruhusiwa kuifuata. Ila chumba cha kule ni cha wasichana wanne, watoto hapana. Shaku ataachishwa ziwa, apelekwe Kishapu kwa bibi yake.

Ana miezi minane. Mama mkwe ameshatafuta mbuzi wa maziwa.

Mume wangu Akida kaniandikia kutoka Runzewe kwamba uamuzi ni wangu. Maana yake mama yake ameshaamua.

Umesh kajaribu mara mbili, haikushika. Kasema labda laini imejaa. Kaondoka. Siku kumi na tatu.


Jumanne, 8 Juni

Nimejaribu mara saba. Ni hivi: ukibonyeza, inatoa ule mlio wa simu ukiinyanyua, uuuuu. Halafu vimlio vya haraka haraka, pi-po-pi-pi-po, kama chiriku. Halafu unangoja. Unangoja. Kwenye kioo yanatokea maneno mawili: NO CARRIER.

Keria! Keria ya nini tena? Keria ninayoijua mimi ni ya baiskeli, pale nyuma unapofunga gunia la pamba au unapompakia mke. Nimezunguka nyuma ya kompyuta kutazama. Kweli nimezunguka. Nilikuwa peke yangu na hata hivyo nimeona aibu.

Nikatoa kamusi yangu ya sekondari. Carrier — mchukuzi. Hakuna mchukuzi. Hapo sawa. Mashine inalalamika haina wa kuibebea mzigo. Tumefanana.


Jumatano, 9 Juni

Leo mbaya zaidi. Hata ule uuuu haupo. Maneno yamebadilika: NO DIALTONE. Imekufa kabisa. Nimetoa plagi, nimerudisha. Nimezima, nimewasha. Nimepuliza vumbi. Nimeomba dua.

Saa nane nimeufuata waya kwa mkono, kutoka mezani, dirishani, uani. Nikakuta nepi sita za Shaku zimeanikwa juu yake! Nani mpumbavu kaanika nepi kwenye waya wa simu?

Mimi. Asubuhi. Kamba ilikuwa imejaa, nikaona kamba nyingine.

Uzito wa nepi mbichi ulikuwa umeung'oa waya kule dukani. Nimeuchomeka. Uuuu ikarudi. Chiriku wakarudi. NO CARRIER ikarudi. Nimefurahi utadhani nimefika.


Alhamisi, 10 Juni

Shaku anaota jino. Sijagusa kitu.


Ijumaa, 11 Juni

Foleni ya maji bombani, ndoo arobaini mbele yangu. Wanawake wakaniuliza kuhusu mashine — mtaa mzima unajua. Nikawaambia inasema haina keria. Walicheka mpaka mmoja akakalia ndoo yake. "Mama Shaku, mpelekee fundi baiskeli!" "Mwambie aifunge na kengele kabisa!"

Bi Chausiku ndiye hakucheka. Yule mama mnene wa nyumba ya tatu, anayefuma vitambaa vya makochi. Mimi nilikuwa namjua kwa vitambaa tu. Akaniita mbele kwenye foleni.

— Shikamoo, Bi Chausiku.
— Marahaba mwanangu. Hebu nambie, inaliaje?
— Nani?
— Hiyo mashine. Iigize.

Mbele ya watu! Nikaigiza. Uuuuu. Pi-po-pi-pi-po. Shaku mgongoni naye akaingia, po-po-po. Watu hoi. Bi Chausiku kafumba macho, kasikiliza kama daktari mwenye mpira masikioni.

— Baada ya hivyo vindege, ile uuu ya kwanza inakatika au inaendelea?

Sikujua. Sijawahi kuangalia hilo! Nimekaa na hiyo sauti siku nne, mara ishirini na ngapi, sikusikia. Kaniambia nenda kasikilize, ukimaliza uje uniambie.

Nimekwenda. Inaendelea. Chiriku wanaimba, na chini yao uuu ile ile, haijali, kama mtu unayemsemesha naye anaangalia pembeni.

Nikarudi mbio na ndoo tupu. Bi Chausiku katabasamu. "Basi mtambo wa simu haujaisikia mashine yako. Kesho nakuja."

Kumbe alikuwa opereta! Miaka ishirini na miwili kwenye swichibodi ya simu hapa mjini, anaunganisha watu kwa mikono. Walipoleta mtambo wa kujiendesha wakamshukuru, akarudi nyumbani kufuma. Na sisi tunampita kila siku, "habari za asubuhi", basi.


Jumamosi, 12 Juni

Lazima niandike yote. Shaku amelala, mchana huu ni wangu.

Bi Chausiku kaja amevaa viatu. Viatu vya kufunga kamba! Kama anakwenda zamu. Hakutaka hata kuiona kompyuta. Kataka simu ya dukani.

Simu ya Mama Umesh ni nyeusi, ya kuzungusha, ile ya matundu kumi. Tundu la kwanza lina kikufuli, na ufunguo Mama Umesh huufunga kwenye pindo la sari, ili wateja wasimpigie watu wao. Wamama wawili hawa wamekaa mtaa mmoja maisha yao yote, wakasalimiana kwa Kisukuma mpaka nikachoka kusimama.

Bi Chausiku kasema, nitakuonyesha jambo. Mama Umesh akaanza kufungua pindo atoe ufunguo. "Acha tu, mama." Kanyanyua mkono wa simu. Kaweka kidole kwenye kile kitufe cha kukatia, pale mkono wa simu unapolala. Akaanza kugonga. Tik tik tik, akapumzika. Tik tik, akapumzika. Mwepesi, kama anayepepeta mchele. Sifuri ni mara kumi. Kagonga kumi bila kuhesabu kwa mdomo. Mimi nilijaribu kuhesabu nikapotea.

Halafu akanipa nisikilize. Inaita! Mwanza inaita! Na kufuli liko pale pale limefungwa!

Akapokea mwanamume, "Halo?" Nikakata kwa hofu.

Mama Umesh kalishika pindo la sari. Kautazama ufunguo wake. "Miaka kumi na saba," kasema. "Miaka kumi na saba kufuli langu ni hereni tu."

Tulicheka, Mungu wangu.

Bi Chausiku akanieleza, na amenieleza vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyempata. Simu ya kuzungusha haipelekei mtambo sauti. Inaukata waya na kuuunga, kata unga kata unga, na mtambo unahesabu. Tatu ni kukata mara tatu. Mitambo ya miji mikubwa imefundishwa pia vile vindege, kila namba na wimbo wake. Wa kwetu wa zamani. Haujui kuimbiwa, unajua kuhesabiwa. "Mashine yako imetoka Mwanza, inaimba. Iambie ihesabu."

Niiambie wapi? Hapo akasema, hapo mimi sijui mwanangu, hapo ni pako.

Nimetafuta. Nimefungua kila kidirisha humo ndani, kamusi mapajani. Ndani ya kidirisha cha tatu kuna vitundu viwili: Tone na Pulse. Kidoti kiko kwenye Tone. Kamusi: mlio. Na Pulse — mapigo! Mapigo ya moyo! Lile neno la kliniki, nesi akikushika kifundo na kutazama saa. Nikakumbuka kidole cha Bi Chausiku, tik tik tik.

Nimehamisha kidoti. Nimebonyeza. Kisanduku kikaanza: tk-tk-tk. Tk-tk. Kinahesabu! Chenyewe!

Na uuu ikakatika papo hapo. Mtambo umegeuza uso.

Bi Chausiku alikuwa amesimama nyuma yangu na viatu vyake. Sikumwangalia. Nilijua analia, na mtu akilia kwa kazi yake aachwe.

Baada ya hapo sauti nyingine ikaja kutoka mbali, kama bati linavutwa juu ya mawe. Akasema hiyo ndiyo mashine ya Mwanza inajibu. Zikazomeana. Halafu kimya. NO CARRIER.

Lakini nani anajali! Kesho.


Jumapili, 13 Juni

Mara nne. Kila mara inahesabu, inaita, Mwanza inajibu, zinaanza kuzomeana — inakatika. Karibu kabisa. Kama mtu anayeshikwa mkono mlangoni.


Jumanne, 15 Juni

Jana mara tatu, leo mara mbili. Ile ile.

Mama mkwe kaleta salamu kwa kondakta wa basi la Kishapu: anakuja Jumatatu kumchukua mjukuu wake, nguo zake ziwe zimefuliwa.

Nimezifua. Sijazikunja.


Alhamisi, 17 Juni

Nimejua! Nimejua, na siwezi kumwambia mtu bila kucheka, basi nakuambia wewe daftari.

Mara mbili leo asubuhi, zote zimekatika. Nimechoka mpaka mikono. Mchana Mama Umesh kaniita jikoni kwake, kanipa chapati na dengu kwa sababu anasema nimekonda, ziwa litakauka. Anakaa nami nikila. Akaanza kunilalamikia. Kuna mtu anamsumbua kwenye simu. Tangu Jumamosi. Simu yake inagusa kidogo, ting-ting-ting, si mlio kamili, kama mtu mwenye haya. Yeye anapokea, anasalimia. Na huyo mtu anamzomea!

"Anakuzomea vipi, Mama Umesh?"

Akaigiza. Bati juu ya mawe.

Chapati ikanikwama.

"Nimemsalimia kwa Kiswahili. Nikamwambia mwangaluka, kwa Kisukuma. Nikamsalimia kwa Kigujarati. Hajui adabu ya lugha yoyote! Leo nimemwuliza, wewe ni Mjerumani?"

Mara ngapi, nikamwuliza. Akahesabu kwa vidole. Mwanamke wa duka hasahau hesabu. Kumi na mbili.

Nikaenda kutazama daftari hili. Jumamosi moja, Jumapili nne, Jumatatu tatu, Jumanne mbili, leo mbili. Kumi na mbili.

Mashine ikihesabu, kukata na kuunga kule kunaigusa kengele ya simu ya dukani. Waya ni mmoja. Kengele ikigusa, Mama Umesh ananyanyua. Akinyanyua tu, anakuwa amesimama katikati ya mashine mbili zinazojuliana hali, na anazisalimia.

Kumi na mbili! Wiki nzima nimekuwa nikishindana na salamu!


Ijumaa, 18 Juni

Nilikwenda dukani na Bi Chausiku, maana peke yangu niliogopa. Mama Umesh ni mwenye nyumba. Unamwambiaje mtu usipokee simu yako?

Bi Chausiku kapendekeza tufunge kengele kwa kitambaa. Mama Umesh kakataa katakata. Dada yake Dimple anampigia kutoka Kahama. Na je, kukiwa na msiba? Simu ikigusa mtu amekukumbuka. Umwache nje amesimama?

Nikamwambia basi mama, si mtu. Ni mimi.

Kanitazama. "Ni wewe? Wewe ndiye unaingia kwenye simu yangu mara kumi na mbili, bila hodi?"

Bila hodi! Nilisimama pale na Shaku mgongoni nikaona aibu ya kweli, kama vile nimeingia chumbani kwa mtu. Maana ndivyo ilivyo. Nilikuwa na haraka, nina mtoto, nina tarehe, nikaona waya ni waya tu. Na yeye alikuwa kila mara anaamkia.

Nimeomba radhi. Kasema haya. Kasema kuanzia leo ukitaka kuingia, piga hodi.

Tukajaribu hapo hapo. Nikasimama mlangoni pangu, nikapaza sauti uani: "Hodi!" Kutoka dukani: "Karibu!" Nikabonyeza. Tk-tk-tk. Kule nasikia ting-ting-ting ya kengele yake. Nikamsikia Bi Chausiku anamwambia tulia mama, na Mama Umesh anajibu nimetulia, nimekalia mikono yangu.

Ikaita. Bati likavutwa. Zikazomeana, zikazomeana, halafu sauti moja nzito kama upepo kwenye gunia — kimya. Kitaa cha tatu kikawaka kijani, kikabaki. Neno moja kwenye kioo. CONNECT.

Nilikaa chini sakafuni. Sikujua cha kufanya, sikuwahi kufika hapo.


Jumapili, 20 Juni

Naandika mbele ya kompyuta, maana barua inaingia polepole sana, mstari mmoja, unasubiri, mstari mwingine. Saa tano na robo asubuhi. Hodi imepigwa, karibu imejibiwa. Shaku yuko kifuani. Umesh kakaa kwenye kiti changu kizuri, miwani puani, anasoma juu ya bega langu.

Kabichi magunia manane. Vitunguu sita. Vinaingia! Kutoka porini Geita mpaka uani kwangu! Umesh haamini. Kanieleza kitu: ofisini kwake Mwanza wameshindwa kuipata barua hii hii. Mashine mpya, mtaalamu na tai yake, wiki nzima. Kaniuliza ulifanyaje. Nikamwambia Bi Chausiku ndiye aliyesikia, na mama yako ndiye anayekaa asiguse simu. Nenda dukani ukamtazame. Akaenda. Kakuta mama yake amekaa kwenye kigoda mbele ya simu, kamwamuru mteja angoje nje. Karudi anacheka na macho yana maji.

Wamama hawa wawili! Mmoja ana sikio, mwingine ana subira, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa ni fundi. Ningekuwa na cheti cha kutoa ningewapa leo.

Mchele. Mafuta ya alizeti madebe ishirini.

Halafu Umesh kasema, Mama Shaku, sasa nimeona. Wewe si wa kukaa uani. Nakuhitaji Mwanza, uwafundishe wale. Mwezi ujao. Nitakutafutia hata chumba chako mwenyewe.

Nikamwuliza, na mtoto?

Kasema, tutaona.

Nimemsogeza Shaku kifuani. Ziwa linavuta. Basi la Kishapu, na mama mkwe ndani yake, linafika kesho saa nne.

Mstari wa mwisho umeingia. Ni swali. Mkuu wa stoo wa kambi anauliza orodha zote za baadaye azielekeze ofisi ipi, ajibiwe leo, maana anaandika kitabu chake cha mwaka mzima. Umesh amesoma kabla yangu. Kasema kwa upole, andika Mwanza.

Laini bado imeshika. Kitaa kijani.

Kaka Umesh, nimemwambia, sharti lilikuwa nikiweza. Nimeweza.

Kainuka. Kasogea dirishani, anautazama waya unavyopita uani. Mimi nimeandika kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kichwa cha mwanangu. Herufi tisa. Shinyanga. Kisha jina langu lote, na la baba yangu. Sijatuma. Sitatuma kwa kumwibia.

Ameuliza bila kugeuka: umeshaandika?

Nimemwambia njoo usome mwenyewe. Anavua miwani, anaifuta kwa shati. Anakuja —